Rehema, nimeharibu kwa Zuhura

Rehema wangu,

Salamu nyingi, za kwako nazipata kwa Mwajuma kwahiyo usinune, najua nimekaa kimya mpaka nina shida ndo nakukumbuka. Naomba uongee na Zuhura. Simu zangu hapokei, meseji anasoma anaziacha hivohivo.

Jumamosi tulikuwa wote, Baba Neema akaanza, si unamjua. Eti uhai unaanza mimba inapotungwa, basi, sheria ifuate hapohapo, anayetoa mimba ni muuaji. Na mimi kwa ubishi unanijua. Nikamwambia haya, yai likisharutubishwa linaweza kugawanyika likawa mapacha hata wiki nzima baadaye, sasa kama alikuwa mtu mmoja tangu siku ya kwanza, huyo wa kwanza kaenda wapi? Akarukia dini. Nikamwambia hata wenye dini hawahesabu sawa, wanazuoni wengi wa Kiislamu wanasema roho inapulizwa siku ya 120, na zamani hizo Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika wa kiume anaumbika kwa siku 40, wa kike 90, yaani hata kuwa watu sisi tunachelewa! Watu wakacheka, nikanogewa.

Ila kuna mahali alinibana, nakwambia wewe tu. Niliposema sheria isiingilie maadili ya watu akaniuliza taratibu kabisa, kwani kukataza wizi si maadili? Nikamletea Marekani, walipiga marufuku pombe 1920, watu wakanywa kwa kujificha, 1933 wakaifuta wenyewe. Akasema mlevi anajiumiza mwenyewe, hapa kuna wa pili. Na ugomvi wote si ndo upo hapo, kama huyo wa pili yupo au bado! Kenya waliandika kabisa kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 26, uhai unaanza mimba inapotungwa, halafu ibara hiyohiyo ikaacha mlango kama maisha au afya ya mama iko hatarini, na bado wanapelekana mahakamani.

Sasa Zuhura. Muda wote huo alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya gauni, anafuta tu, miwani imeshang'aa zamani. Akaivaa, akasema, "Ile yangu ya wiki kumi iliyotoka, mlipokuja mkaniambia usijali utapata mwingine, mlikuwa mnahesabu nini?" Kimya. Akamgeukia Baba Neema, "Na wewe unayesema ni mtu, mbona hukunipa pole ya kufiwa?" Akachukua mkoba akaondoka.

Rehema, hiyo "utapata mwingine" niliisema mimi. Kwa mdomo huuhuu. Na nilijiona nafariji.

Tangu siku hiyo nahesabu wiki tu. Wiki kumi. Kwa hoja zangu za Jumamosi hakuwa mtu, na Mwajuma ananiambia Zuhura alishampa jina. Sasa hapo sijui... maana msimamo wangu sijaubadilisha, na ndo kinachonitesa. Bado sitaki sheria iingie humo. Kule El Salvador, Amerika ya Kati, wapo wanawake waliosema mimba ziliwatoka zenyewe, wakahukumiwa kwa mauaji. Hebu fikiria mtu kama Zuhura, juzi tu kapoteza, anaulizwa na polisi alikula nini alibeba nini. Kwangu mimi kulia kwake na kesi ni vitu viwili, anaweza kumlilia kama mtoto na serikali ikae mbali. Nataka kumwambia hivo, lakini nikikisoma naona ni ubishi uleule, nimeuvisha nguo ya pole.

Baba Neema naye nasikia kaenda kwake jana na bahasha, hakufunguliwa. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Wewe siku ile mimba ilipomtoka ulimwambia nini, manake na wewe hakununii? Hilo jina alikutajia? Niende kwake bila kupiga simu au nikae nisubiri apoe? Akiniuliza tena tulikuwa tunahesabu nini namjibuje? Na nianze vipi, mana najijua, nikianza na samahani nitamalizia na hoja. Unaweza kuja twende wote, uwe unanikanyaga mguu?

Nijibu hata kwa voisi.

Saumu