Waridi la jangwani huuawa na maji, si kiu

Wiki chache zilizopita mama mmoja alituletea chungu chake kitaluni, amekipakata kama mtu anayempeleka mtoto zahanati. Ndani mlikuwa na waridi la jangwani alilolinunua kwetu likiwa limechanua vizuri kabisa. Sasa majani yalikuwa ya manjano, mengine yamedondoka, na shina limelalia upande. "Dada, sikulisahau hata siku moja," akaniambia. "Kila asubuhi nalinywesha kabla sijanywa chai." Nikalibonyeza shina pale linapogusana na udongo. Kidole gumba kikazama kama kwenye papai lililoiva kupita kiasi, na maji ya kahawia yakachuruzika.

Iliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Tulimuuzia ua bila kumweleza linakotoka. Mtu akishajua linaishije porini, maelekezo mengine yote hujifuata yenyewe, kwa hiyo nianzie huko.

Jina linapotosha kidogo. Huu mmea hauna undugu na waridi. Ni wa familia ya Apocynaceae, ile ya olianda na frangipani, na ukivunja kitawi chake utaona utomvu kama wa ndugu zake hao. Wala si mmea wa jangwa tupu la mchanga. Kwao ni nyika: ukanda mkavu unaoanzia Senegal, unapita Saheli hadi Sudan, Ethiopia na Somalia, unashuka Kenya na Tanzania, kisha unavuka bahari hadi Yemen na Oman. Ukipita Tsavo au Samburu kiangazi kimeshika, vichaka vyote vina rangi ya majivu, halafu ghafla unaona kitu cha pinki kati ya mawe, hakina hata jani moja. Ndilo hilo. Wengi hudhani limeletwa kutoka nje kwa sababu wamelikuta kwenye vyungu vya hotelini, kumbe ni letu.

Tazama linaposimama. Utalikuta kwenye miteremko ya mawe, kwenye nyufa za miamba, kwenye udongo wa kichanga na changarawe. Mvua ya huko ikija huja kwa nguvu, lakini baada ya muda mfupi maji yote yameshuka chini na mizizi imebaki ikipumua. Kisha inaweza kupita miezi bila tone. Ndiyo sababu shina lake limevimba chini kama mtungi: ni ghala la maji. Kiangazi kikikaza, mmea hudondosha majani ili usipoteze unyevu, ukaishi kwa akiba hiyo. Porini hukua kichaka cha mita moja hadi tatu hivi, gome laini la kijivu, matawi manene machache, na majani yamejikusanya kwenye ncha tu.

Hata jina lake la kitaalamu, Adenium obesum, linaeleza hayo. Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyekwenda Uarabuni na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka 1761, aliliona akalihesabu kuwa aina ya olianda nene. Alifariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Jina Adenium lilikuja baadaye, mwaka 1819, kutokana na mji wa Aden. Obesum maana yake ni nene, na unene huo ndio unaooza.

Ua lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Ni tarumbeta yenye ncha tano zilizofunguka, pinki iliyokolea pembeni na kufifia kuelekea kooni. Chungulia ndani utaona nyuzi tano nyembamba zenye manyoya zikichomoza: ni mikia ya vifuko vya chavua. Vifuko vyenyewe vimeshikana chini kabisa kama pia, vikiificha sehemu inayopokea chavua. Mdudu asipoingiza ulimi wake hadi huko, hakuna mbegu. Sisi tunaotaka mbegu hutumia kijiti chembamba, na huchukua chavua ya mmea mmoja kupeleka kwa mwingine, maana mmea ukiachwa peke yake mara nyingi hauzai.

Likikubali, hutoka maganda mawili yaliyoachana kama pembe za ng'ombe. Tunayazungushia uzi yakiwa bado mabichi, kwa sababu yakipasuka tu, mbegu zimekwenda. Kila mbegu ni kijiti cha kahawia chenye shungi la nyuzi kama hariri kila upande, na upepo ukiipata hubiringika kama gurudumu lenye ekseli.

Sasa rudi kwenye chungu chako. Udongo mweusi wa bustani pekee haufai, hata uwe na rutuba kiasi gani, maana unashika maji kama sifongo. Sisi tunachanganya nusu au zaidi changarawe ndogo na mchanga wa mto, kisha mboji kidogo. Chungu kiwe na matundu, na hicho kisahani cha chini, tafadhali kiondoe au kimwage kila mara. Tumeona mimea mingi ikizamishwa na kisahani. Ukimwagilia, mwagilia hadi maji yatoke chini, halafu uache kabisa mpaka udongo ukauke ndani, si juu tu. Chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ukichomoe: kikitoka na unyevu, ngoja.

Jua liwe la kutosha, saa sita au zaidi kwa siku. Sebuleni litaishi, lakini litarefuka likitafuta mwanga na maua yatakuwa ya kubahatisha.

Wateja wa nyanda za juu wanahitaji neno la ziada. Baridi ya Juni hadi Agosti hulilaza ua hili. Majani yakipukutika miezi hiyo na shina likabaki gumu, halijafa, limelala. Kosa kubwa ni kuona majani yanaanguka ukaongeza maji. Mmea usio na majani haunywi, na maji hayo yatakaa kwenye mizizi iliyopoa mpaka ioze. Punguza, karibu usitishe, hadi uone machipukizi.

Shina lenye kiu hunywea na kukunjamana kidogo, lakini ukilibonyeza linakataa, na likipata maji hujaa tena baada ya siku chache. Shina linalooza hubonyea upande mmoja, huwa na doa jeusi au la kahawia, na hunuka. Ukikuta hivyo usingoje kesho. Ling'oe, kung'uta udongo, kata kwa kisu safi mpaka ubaki na nyama nyeupe isiyo na doa hata moja, kisha liache kivulini wiki nzima au zaidi kidonda kikauke. Lipande kwenye mchanganyiko mkavu na usilipe maji kwa siku kadhaa. La yule mama tulilikata hivyo. Lilipungua nusu, lakini limeanza kuchipua.

Unaponunua, uliza kama mche umetokana na mbegu au kipandikizi, yaani kitawi kilichokatwa kikachomekwa udongoni. Shina lile nene la kupendeza hutokana na mbegu. Kipandikizi hutoa maua, ila shina lake huwa jembamba na halipati umbo lile. Rangi zisizo za kawaida, kama nyekundu iliyoiva sana au maua ya petali nyingi, hubebeshwa, yaani kitawi chake huunganishwa juu ya mche wa mbegu, na hapo unapata vyote viwili. Ya kuchimbwa porini hatuyauzi. Mti uliokaa mwambani miaka mingi ukivunjwa mizizi, mara nyingi hufia njiani.

Jambo moja sitaki mtu alisikie kwa mwingine: utomvu wake ni sumu ya moyo. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi huuchemsha kuwa sumu ya mishale. Vaa glovu unapokata, nawa mikono, na kiweke chungu mbali na watoto wanaotia kila kitu mdomoni, pia mbuzi na mbwa.

Ukipata shida, njoo na chungu chenyewe. Picha ya majani kwenye simu haitutoshi, maana inabidi tulibonyeze shina.