Maji ya silva yanaacha alama isiyofutika

Mhariri,

Tunaomba nafasi kuwatahadharisha wasomaji wa Moshi na Arusha wanaokunywa maji ya silva, yaani maji yenye chembe ndogo za madini ya fedha, kama tiba ya kila kitu. Mwili hauwezi kuyatoa nje madini hayo yote. Yanayobaki hujikita kwenye ngozi, kisha jua huyatia weusi kama mwanga ulivyofanya kwenye filamu za picha za zamani. Ndiyo maana uso na mikono hugeuka kijivu-bluu zaidi kuliko sehemu zinazofunikwa na nguo. Kwenye ngozi nyeusi si rahisi kuiona rangi hiyo mapema, kwa hiyo tazama ufizi, weupe wa jicho na ule mwezi mdogo kwenye shina la ukucha.

Mamlaka ya mazingira ya Marekani imeweka ukomo wa mikrogramu 5 za fedha kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni mikrogramu 300. Kijiko cha chai cha maji yenye miligramu 10 za fedha kwa lita kina mikrogramu 50. Lakini anayejitengenezea nyumbani kwa betri na nyaya mbili za fedha hajui kabisa anakunywa kiasi gani, na hiyo ndiyo hatari kubwa.

Rangi ikishaingia haisuguliki. Mkorogo wa kung'arisha ngozi utakuongezea tu madhara. Leza huweza kuipunguza. Acha kunywa, jikinge na jua, nenda kliniki ya ngozi katika hospitali ya KCMC, Moshi, na chupa yenyewe mkononi.

Mafundi wa vito nao wavae barakoa wanapong'arisha fedha, wasivute vumbi lake.

Wasomaji wenu,
Moshi