Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uganda: mikataba tuliyoiridhia tuisome wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Busia, mji uliokaa pande mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, ambako nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi na ambako, kwa sababu hiyo, watu huniletea karatasi wasizozielewa ili niwasomee. Mwaka jana kikundi cha akina mama wauza nafaka kiliniomba niwatafutie Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyotiwa saini 2004. Walitaka maandishi yenyewe, si kipeperushi. Wanajua kwamba mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 una cheti chake rahisi cha kuthibitisha bidhaa imetoka wapi, lakini walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba jambo fulani “limo kwenye mkataba” bila ya kuonyeshwa limo ukurasa gani.

Nilizunguka ofisi tatu, ambazo sitazitaja. Ya kwanza ilinielekeza kwa ya pili. Ya pili ilikuwa na nakala ya Kiingereza isiyo na viambatisho. Na katika ya tatu kijana mmoja mwenye adabu sana alinihakikishia kwamba mkataba wowote, Rais akishautia saini, huwa sheria ya Uganda siku hiyohiyo, kwa hiyo nisijisumbue.

Kijana huyo alikosea, ingawa simlaumu, kwa maana hata katika habari za redio kutia saini na kuridhia, yaani nchi kukubali rasmi kufungwa na mkataba, husemwa kana kwamba ni kitu kimoja. Ibara ya 123 ya Katiba ya 1995 inampa Rais, au mtu aliyeidhinishwa naye, mamlaka ya kufanya mikataba kwa niaba ya Uganda, kisha inaliachia Bunge kutunga sheria ya namna ya kuiridhia. Sheria hiyo ilitungwa 1998. Kwa mujibu wake, mikataba huridhiwa na Baraza la Mawaziri, isipokuwa ile inayohusu kusimamisha mapigano, kutoegemea upande wowote au amani, na ile ambayo Mwanasheria Mkuu wa Serikali amethibitisha kwa maandishi kwamba kuitekeleza kutadai Katiba ibadilishwe. Hiyo ndiyo hupelekwa Bungeni iridhiwe kwa azimio. Baada ya hapo wewe, Mheshimiwa, ndiye unayetia saini na muhuri hati ya kuridhia na kuiwasilisha inakostahili. Na hata hapo mkataba kwa kawaida hausimami wenyewe mbele ya hakimu wetu mpaka Bunge liutungie sheria. Uganda iliridhia Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, 2002, lakini sheria ya kuutekeleza nchini tuliipata 2010.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kifungu kimoja kifupi cha sheria hiyo ya 1998, kinachosema kwamba mikataba yote iliyoridhiwa na Baraza la Mawaziri iwekwe mezani Bungeni mapema iwezekanavyo. “Mapema iwezekanavyo” haina siku wala mwezi. Kifungu hakisemi Bunge likishauona mkataba huo lifanye nini, wala hakisemi mwananchi aupate wapi. Majirani zetu wamekwenda mbele zaidi: Tanzania, kwa Ibara ya 63 ya Katiba yake, imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, na Kenya ilitunga 2012 sheria inayolishirikisha Bunge na kuwapa wananchi nafasi ya kutoa maoni. Sikuombi uige Nairobi wala Dodoma. Kuna hoja nzito za kuliachia Baraza la Mawaziri kuridhia, hasa mikataba midogo ya kiufundi ambayo ingelala Bungeni miaka. Ninachoomba ni chepesi kuliko hicho: tujue kilichoridhiwa, lini, na kinasema nini.

Tazama Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile. Ulifunguliwa kwa saini pale Entebbe tarehe 14 Mei 2010, nasi tukatia saini siku hiyohiyo pamoja na Ethiopia, Rwanda na Tanzania. Tuliuridhia 2019. Ulianza kutumika 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kutimiza idadi ya nchi sita zilizohitajika kuuridhia. Katika miaka ile tisa baina ya saini na kuridhia, nimesikia watu wenye elimu wakibishana, mmoja akisema tumefungwa, mwingine akisema hatujafungwa hata kidogo, na wote wawili walikuwa wamepotoka. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba unasema kwamba nchi iliyotia saini na kungoja kuridhia haijafungwa na vifungu vyake, lakini haina ruhusa ya kufanya jambo litakaloharibu lengo la mkataba. Ubishi huo ungekwisha kwa dakika moja kama pangekuwa na daftari la wazi la kutazama. Na kwa nchi ambayo maji yake yaliwekewa masharti 1929 kwa barua zilizoandikiana Uingereza na Misri, pasipo mtu wa huku kuulizwa, kujua tumekubali nini kuhusu Nile si anasa ya wasomi.

Wanasheria wana msemo wao wa Kilatini kwa jambo ambalo sisi hulisema kwa maneno matatu: ahadi ni deni. Kwa Uganda deni hilo limekuwa la fedha taslimu. Tarehe 3 Oktoba 1963, siku sita kabla ya nchi hii kutimiza mwaka mmoja wa uhuru, serikali ya wakati ule ilitoa tamko la kukubali mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Lilikuwa tamko tu, wala si mkataba mrefu, na sidhani kama wengi walilikumbuka. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ililitumia 1999 kutushtaki mbele ya mahakama hiyo, The Hague, kwa vitendo vya jeshi letu katika ardhi yake. Hukumu ilitoka Desemba 2005, na Februari 2022 mahakama ikaagiza tulipe dola za Marekani milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Sibishani hapa na hukumu hiyo. Nasema tu kwamba karatasi ya 1963 inalipiwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipoandikwa.

Najua nitajibiwa kwamba mazungumzo ya kidiplomasia yanahitaji faragha. Yanahitaji, nakubali. Lakini mkataba uliokwisha kuridhiwa si mazungumzo tena, na Ibara ya 102 ya Hati ya Umoja wa Mataifa inazitaka nchi wanachama zisajili kila mkataba kwa Sekretarieti ili uchapishwe. Usiosajiliwa hauwezi kutajwa na wahusika wake mbele ya chombo chochote cha Umoja huo. Kinachoweza kusomwa New York kisomwe na Busia.

Basi naomba wizara yako ifungue daftari moja la mikataba, lipatikane kwenye mtandao na katika ofisi za wilaya za mipakani, lenye tarehe nne kwa kila mkataba: ya kutiwa saini, ya kuridhiwa, ya kuwasilishwa kwa hati, na ya kuwekwa mezani Bungeni. Mahali pasipo na tarehe pabaki wazi, ili tuone. Mikataba ya Jumuiya ya Afrika Mashariki itafsiriwe kwanza kwa Kiswahili, ambacho Katiba, tangu marekebisho ya 2005, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Naelewa kwamba tafsiri haitakuwa na nguvu sawa na matini yaliyotiwa saini, na hilo liandikwe wazi katika ukurasa wa kwanza.

Kwa itifaki ile ya 2004, niko tayari kushiriki katika kazi ya tafsiri bila malipo, mradi nipewe nakala yenye viambatisho vyake vyote. Akina mama wale bado wanauliza kila siku ya soko.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa Kiswahili, Busia