Mchicha uliolala nitautoa bure

Ndugu Mhariri,

Nauza mboga soko la Tandika, mwaka wa kumi na tano huu. Naomba nafasi niseme neno juu ya somo la baiolojia, ingawa mwenyewe niliishia darasa la saba.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Juzi usiku nilimkuta anazunguka uani na daftari, anakariri sentensi moja ya Kiingereza kama mtu anayesoma uradi. Ilikuwa maana ya osmosisi. Nikamwambia, hebu nieleze kwa Kiswahili. Akanyamaza, kisha akasema, "Mama, mtihani hautaki Kiswahili."

Asubuhi nilikuwa na mafungu ya mchicha wa jana, umelala. Kawaida nautia beseni la maji, baada ya muda unasimama kama umechumwa alfajiri (wateja wangu mnisamehe). Siku hiyo nikaweka mabeseni mawili: moja maji matupu, la pili nikakorogea viganja viwili vya chumvi. Mpaka tunamaliza chai, wa maji matupu umeanza kuinuka. Wa chumvi umezidi kulegea, ukiushika utadhani kitambaa.

Binti akakimbilia daftari mwenyewe. Akanieleza kwamba jani limejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli ina utando unaopitisha maji ila unazuia vingi vilivyoyeyuka humo, kama sukari na chumvi. Vikizidi ndani, maji yanaingia, seli inajaa, jani linakaza. Vikizidi nje, maji yanatoka. Hiyo ndiyo osmosisi. Kumbe ndiyo maana vitunguu vya kachumbari nikivifikicha na chumvi vinachuruzika maji! Miaka yote najua kufanya, sijui kwa nini.

Nikamuuliza: mbona mchicha haupasuki kwa kunywa maji yote hayo? Akasema nje ya utando mmea una ukuta wa seli unaoubana. Sisi watu hatuna ukuta huo, na chembe nyekundu ya damu ukiitia kwenye maji matupu hupasuka. Kwa hiyo dripu ya hospitali haiwi maji matupu. Ile ya chumvi ina gramu 9 katika kila lita. Aliyasema hayo bila kuangalia daftari.

Sisemi Kiingereza kiondolewe, hilo wakubwa wanabishania tangu mimi sijaanza shule. Nasema mwalimu aanze na beseni, sentensi ya kukariri ije baadaye. Hadubini najua ni ghali, na shule ya binti yangu haina hata moja inayofanya kazi. Lakini chumvi ipo kila duka.

Mchicha uliolala nitautoa bure kwa shule yoyote ya jirani. Wamtume mwanafunzi kabla ya saa moja asubuhi. Akichelewa atakuta nimeshauloweka.

Mama Muuza Mboga,
Tandika, Dar es Salaam