Baba, kuhusu kuacha mpira

Genk, Ubelgiji

Shikamoo Baba. Mama naye nampa shikamoo, na wote hapo Nkuhungu, Dodoma, mbukwenyi.

Uliniuliza nikiacha kucheza nitakula nini. Sikutaka kulijibu hilo kwa simu. Goti limegoma, Baba. Daktari alisema sindano zingenivusha msimu mmoja, nikakataa. Sasa nasomea ukocha, na jioni klabu imenipa watoto wa chini ya miaka tisa. Malipo hayafikii ya mchezaji, ila kodi yangu na ada ya mdogo wetu wa mwisho zitapatikana.

Hapa mkoa wa Limburg nikitaja Tanzania, watu wanamtaja mshambuliaji wetu Mbwana Samatta. Mabao yake 23 ya msimu wa 2018/19, mwaka ambao klabu ya Genk ilibeba ubingwa wa Ubelgiji, hawajayasahau. Mimi sikufika huko. Ninachokiona kwa hawa watoto ndicho kinachonikosesha usingizi.

Mwaka 2000 Ubelgiji iliandaa Euro pamoja na Uholanzi ikatolewa hatua ya makundi. Michel Sablon wa shirikisho lao la mpira akaanza upya kwa watoto. Watafiti wa chuo kikuu walirekodi mechi zao, wakaona mtoto kwenye uwanja mkubwa anaweza kumaliza nusu saa akiwa ameugusa mpira mara chache sana. Ndipo wadogo wakachezeshwa wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, kadiri wanavyokua. Kumi na mmoja baadaye kabisa. Wa miaka saba na minane wakaondolewa msimamo wa ligi, kocha asiwaweke benchi wadhaifu kwa kuwinda pointi. Mwaka 2018 timu yao ya taifa ilikuwa ya tatu Kombe la Dunia.

Baba, unaukumbuka uwanja wetu wa vumbi? Tulijaa thelathini, wakubwa na wadogo, mpira mmoja. Aliyekuwa na umbo dogo alisimama pembeni hadi magharibi, kisha tukasema hajui. Wengine walikuwa na akili ya mpira kunishinda mimi, na hakuna aliyewaona. Roho inaniuma mpaka leo. Najua vijiweni sasa habari ni AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 kuchezwa nyumbani, na mimi nina hamu nayo, lakini wa kucheza AFCON za mbele ndio hao wanaokimbia peku hapo mtaani.

Mwambie mdogo wangu augawe uwanja kwa mawe, vipande vinne, kila kipande magoli madogo bila kipa. Kelele zake za kufundisha azipunguze, awaache wapige chenga, hata wakipoteza mpira. Kuna mtu wa Makole anarudi likizo, nimempa mipira midogo, namba tatu na namba nne, na pampu. Namba tano, ile ya wakubwa, asiwape wale wadogo, inawachosha miguu.

Nikimaliza leseni ya ukocha ya daraja B naomba ruhusa nije kukaa nao msimu mzima. Ongea na Mama, mnijibu.

Mwanao