Barua ya wazi kwa Waziri: maji yaliyotoka shamba safi, yanarudi vipi?

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa, Serikali za Mitaa na Idara Maalumu za SMZ,
Unguja.

Assalaam alaykum.

Mheshimiwa, mimi ni fundi wa visima. Kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba, na mwaka huu natimiza miaka 31 tangu anikabidhi mtaimbo. Nimechimba Wilaya ya Kati na Kusini, kwenye viambo, misikitini na skuli. Naandika kwa jambo la maji, ila si yale ambayo watu wamezoea kunilipa niyatafute; ni maji machafu ya mji yanayokuja kumwagwa huku kwetu shamba.

Mwaka juzi, masika yakiwa mlangoni, nilikuwa natoka msikitini baada ya Isha. Nikaliona gari la kunyonya makaro ya vyoo limekata njia ya konde, taa limezima. Nikalifuata kwa miguu. Mpaka nafika, utingo keshafungua koki na mpira unamwaga kwenye shimo la zamani la tanuri la chokaa. Harufu sina haja ya kukueleza.

"Mzee wangu, hapa tumeshalipia," dereva akaniambia. "Muulize mwenye konde."

"Mwenye konde ana eka tatu zake, mwanangu. Maji yaliyo chini si yake."

"Sasa mimi niende wapi na lita 10,000 usiku huu?"

Kijana hakuwa mjeuri. Kaulizia njaa yake na mafuta ya gari la tajiri wake. Na mimi jibu sikuwa nalo, nikabaki nimesimama pale mpaka wakamaliza. Nimekaa na swali lake kwa misimu miwili, na leo nakuletea wewe, kwa sababu mimi na yeye hatuwezi kulimaliza.

Kwanza niruhusu nikueleze kilichopo chini ya miguu yetu, maana ofisini ramani huonyesha juu tu. Kwetu huku maweni hakuna udongo wa kutaja. Piga mtaimbo futi moja, mbili, umegonga jiwe la matumbawe. Na jiwe lenyewe si zege. Lina matundu na nyufa kama mkate wa kumimina, na pengine linafunguka likawa pango ambalo mtu mzima anasimama. Mvua ikinyesha haitafuti mto, inazama papo hapo. Inapofika chini inakaa, maji matamu yakielea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Hilo tabaka jembamba ndilo tunalokunywa. Fundi akizidisha pupa akashuka mno, anatoboa mpaka kwenye chumvi, na kisima kimekufa.

Kwenye udongo mzuri, maji machafu huchujwa yanaposhuka polepole. Huku kwetu hayachujwi, yanateleza. Niliwahi kuitwa na mama mmoja akilalamika kwamba maji ya kisima chake yananuka dizeli. Tukatafuta, tukakuta jenereta la jirani limevuja, na kutoka jenereta mpaka kisima nilihesabu hatua 200. Ilikuwa siku ya tatu tangu livuje. Dizeli ina rehema kwa sababu inanuka, mtu anatema. Kipindupindu hakinuki. Wazee wanaikumbuka 1978, kilipoingia Zanzibar kwa mara ya kwanza kwenye kijiji cha wavuvi, na hakuna aliyesahau 2015 na 2016.

Lakini sikuandika ili niulaumu mji. Mji umebanwa, nao nauhurumia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 Mkoa wa Mjini Magharibi, katika watu 1,889,773 wa Zanzibar yote, yaani karibu nusu yetu tumesongamana kwenye kipande kile. Mabomba ya zamani ya Mji Mkongwe yanapeleka uchafu baharini, yakichanganya maji ya mvua na ya vyoo, na masika yakikaza yanacheua. Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, ni makaro. Karo likijaa huitwa gari, na gari likijaa ndiyo yale niliyoyakuta kwenye konde. Mtu asitarajie Kwahani au Kikwajuni wapate eka za kuchimba mabwawa ya kusafishia maji. Eka ziko shamba. Hili nalikubali kabla sijaulizwa.

Tena kuna historia ambayo inanifanya nione jambo hili kwa jicho tafauti. Ni Sayyid Barghash aliyeyavuta maji ya chemchem kutoka Bububu kuyaleta mjini kwa bomba, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Tangu hapo mji umekunywa kutoka shamba. Safari ya kwenda imejengewa mifereji, matangi, mamlaka yenye mita na risiti. Safari ya kurudi haina kitu. Haina hata karatasi. Ina kijana, mpira na tanuri la chokaa usiku.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni karatasi hiyo: mkataba wa baraza kwa baraza. Mabaraza ya mjini yanayotoa maji machafu yakae mezani na baraza la wilaya inayoyapokea, wewe ukiwa katikati, kwa sababu yote ni watoto wako. Sheria ya Serikali za Mitaa Nam. 7 ya 2014 imeyapa mabaraza kazi ya usafi na uwezo wa kutunga sheria ndogo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Nam. 3 ya 2015 imeweka tathmini ya athari kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Vifaa vipo. Hakuna aliyewahi kuvikusanya kwenye meza moja kwa ajili ya jambo hili.

Taka ngumu zilitutangulia, na zinafaa kuwa somo. Jaa la mji lilikuwa Jumbi, kisha likaenda Kibele. Kote kuwili ni Wilaya ya Kati. Muulize mzee yeyote wa huku kama anajua baraza lake lilipata nini kwa kupokea, na kwa miaka mingapi, na kwa tani ngapi. Atakwambia anajua magari yanapita saa ngapi, basi.

Mpwa wangu anaishi Marekani, jirani na Boston, na kwa sababu anajua mjomba wake ana wazimu wa maji, alinieleza khabari ya kwao. Mamlaka yao inakusanya maji machafu ya miji 43 na kuyasafisha sehemu inayoitwa Deer Island, kisha inayasukuma kwa njia ya chini ya bahari karibu kilomita 15 kutoka pwani. Kilichonivutia si ukubwa. Kilichonivutia ni kijiji kidogo, Winthrop, kwa sababu barabara ya kwenda Deer Island inapita kwao tu. Wakati wa ujenzi walikataa malori yasiwapasue, wakaandikiana na mamlaka, na sehemu kubwa ya vifaa na wafanyakazi ikapelekwa kwa boti. Kwa boti, Mheshimiwa! Watu waliokuwa na uchochoro tu mkononi walipata sauti kwa sababu walikuwa na hati. Sisi si Boston wala hatuna fedha zao, lakini hati ni karatasi na wino.

Kwenye hati hiyo kuna mambo nayaona kwa macho ya fundi. Magari mangapi kwa siku, yanapita saa ngapi, yanamwaga wapi na si pengine popote. Ada ya kila gari iingie kwenye baraza linalopokea, na watu waione ikibandikwa kwenye ubao wa sheha. Visima vilivyo karibu vipimwe kabla, kisha kila masika na kila vuli, na apimaye asiwe yule yule anayemwaga. Dereva apewe stakabadhi mlangoni, ili asiye nayo ajulikane. Mkataba uwe na mwisho wake, tukutane tena baada ya miaka kadhaa, tusije tukawafunga wajukuu wetu kwa sahihi ya siku moja. Haya mawakili wako watayapanga vizuri kuliko mimi.

Nataka nikae zaidi kwenye jambo moja, kwa sababu naona ndilo linalosahaulika: ardhi.

Tunavyokwenda sasa, kalamu ya ardhi iko Kamisheni ya Ardhi, mjini, na harufu iko kwetu. Ardhi ni mali ya Serikali, hilo tumelizoea tangu Mapinduzi, na yule jamaa wa konde anatumia eka tatu alizopewa babu yake. Yeye alidhani ana haki ya kuruhusu gari kwa kuwa konde ni lake. Alipewa chake, akanyamaza. Lakini kumwaga majitaka si sawa na kupanda muhogo. Muhogo unabaki kwenye mpaka wako. Kwa hiyo ruhusa ya aina hii isiwe ya mtu mmoja, na isiwe ya ofisi moja iliyo mbali. Baraza la wilaya liwe na neno la mwisho kuhusu eneo lipi lisiguswe, na visima, mapango na misitu viwekewe mipaka kwenye mpango wa matumizi ya ardhi kabla ya kuzungumza eneo la kumwagia. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004 na ina askari wake. Pango tunaloteka maji halina askari.

Na upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo uko mjini. Kila kibali cha ghorofa au hoteli kinachosainiwa kule, ni uamuzi kuhusu ardhi ya huku, ingawa aliyesaini hakuwaza hivyo. Ghorofa la nyumba 20 lina vyoo, vyoo vina karo, karo lina gari, na gari lina konde. Kwa hiyo mkataba uweke kiwango. Baraza letu likikubali magari 40, basi la 41 lisije kwa kimya. Mji ukitaka kujenga zaidi ya kiwango, ama usafishe kwake, ama urudi mezani. Najua hili litawaudhi wenye viwanja. Najua pia wapo watakaosema shamba linataka kuuzuia mji usikue. Hapana, mji ukue. Ila ukue ukijua choo chake kinaishia wapi.

Kuna hatari ya kinyume pia, na hii nawaambia hata wenzangu wa kijijini. Siku bomba la maji machafu likijengwa kupita kwetu, ardhi pembeni mwake itapanda bei kabla hata halijatoa harufu, na watakuja watu na mikoba. Bomba linapopita nyumba hufuata. Tukishachukua ada ya magari tukalewa, tutajikuta tumeuza mahali pa kumwagia na mahali pa kunywa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hata baraza letu nisingependa lipewe uhuru wa kuuza kila kitu. Vikao viwe wazi, na mashehia yanayopakana na eneo yakae ndani, wanawake wakiwemo, kwani ndoo haibebwi na diwani.

Mheshimiwa, mwezi uliopita yule mwenye konde alikuja kwangu. Mwanawe wa kwanza anataka kujenga, na anataka kisima. Tulitembea naye konde zima, yeye mbele, mimi nyuma, hakuna aliyelitaja tanuri. Nikamwonyesha kona ya mbali kabisa, chini ya mwembe. Kutoka tanurini ni hatua 90. Akauliza lini naanza. Nikamwambia mgongo unaniuma.

Mgongo wangu ni mzima. Mtaimbo bado umeegemea ukuta, na masika yako njiani.

Wasalaam,
Fundi wa visima,
Wilaya ya Kati, Unguja.