Stesheni ya kale ikaushwe kabla ya kupambwa

Mhariri,

Wanaotaka kugeuza stesheni za kale kuwa kumbi za sherehe watazame Michigan Central ya Detroit, Marekani. Ilifunguliwa 1913, ikapoteza treni yake ya mwisho Januari 1988, ikafunguliwa upya Juni 2024. Kwanza lilizibwa paa, yakatolewa maji ya ghorofa ya chini, kisha jengo likakaushwa polepole; likikaushwa haraka, viungo vya vigae hupasuka. Dari la ukumbi wa kusubiria lina vigae takriban 29,000, na vilivyobadilishwa ni kama 1,300 tu. Kazi safi kabisa!

Huku kwetu ukuta wa chokaa hupigwa lipu ya saruji. Unyevu hunaswa ndani, chumvi hutokeza, rangi huvimba na kubanduka. Tafadhali, lipu iwe ya chokaa.

Msomaji, Mombasa